Mapenzi Hayamwagi Petroli: Maoni kuhusu Lugha ya Habari za Wanariadha Wetu

Wako wasomaji wengi wa Kiswahili, nami nikiwa mmoja wao, ambao hulisoma gazeti kutoka nyuma. Huanza na ukurasa wa michezo, wakapitia wa filamu na muziki, wakadokoa habari za watu mashuhuri, na siasa wakaiachia jioni iwapo muda upo. Tabia hii hudharauliwa na baadhi ya wasomi wetu. Mwanafunzi wa fasihi akionekana amelikunjua Taifa Leo kwenye ripoti ya mechi ya Gor Mahia, huulizwa kama amekwisha kuvimaliza vitabu vyake vya kozi. Mimi nina maoni tofauti. Kurasa hizo zina wasomaji wasiogusa kurasa nyingine zozote, zimeandikwa kwa Kiswahili kilicho hai, na ndizo zinazoiambia jamii nani ni shujaa, nani ni mhalifu na nani alijitakia. Kazi ya kuzihakiki basi ni yetu sisi tulio katika vyama vya Kiswahili kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote.

Katika makala haya nitashughulikia jambo moja tu ndani ya kurasa hizo, nalo ni namna tunavyosimulia habari za kuuawa kwa wanariadha wa kike. Dai langu ni kwamba Kiswahili tunachokitumia kuzisimulia habari hizi, magazetini, redioni na vijiweni, huyageuza mauaji kuwa kisa cha mapenzi. Nadai pia kwamba mageuzi hayo si ya bahati mbaya. Yana mizizi katika sarufi tunayoichagua na katika fasihi tuliyorithi. Tena yana madhara kwa wanawake walio hai leo.

Damu isiyomwagika

Hebu kwanza tulitazame jambo la kufurahisha. Ni vigumu kupata uwanja mwingine ambamo Kiswahili kimejitengenezea msamiati kwa wepesi na raha kama kandanda. Watangazaji wa redio walitupa gozi, kabumbu, chenga, mkwaju, kuotea na mlinda lango bila kuisubiri kamati yoyote ya istilahi. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga mwezi wa Februari 2025, alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa lugha hiyo nchini Kenya. Tusisahau kwamba sauti hiyo iliyotutangazia mpira ndiyo iliyotuuliza kwa miongo mingi, katika kipindi chake maarufu, “Je, Huu ni Ungwana?” Kwake yeye mchezo na maadili vilikaa katika koo moja bila kugombana.

Katika msamiati huu wa michezo vita ni vingi mno. Timu ikifungwa mabao manne husemwa kwamba imechinjwa, imezikwa, imeangamizwa au imenyolewa bila maji. Gor Mahia wakiwashinda AFC Leopards, mashabiki watasema K'Ogalo wamewaua Ingwe, ingawa Ingwe hao watapanda basi lao na kwenda kula chajio. Naomba msomaji aizingatie sarufi ya sentensi hiyo. Mtenda yuko mwanzoni, ametajwa kwa jina. Kitenzi ni elekezi na kiko katika kauli ya kutenda. Mtendwa anafuata, naye pia ametajwa. Hakuna anayeachwa akijiuliza nani kamfanya nani nini.

Sasa mtu anapouawa kwelikweli, lugha hiyo yote huingia mafichoni. Ghafla hatuna tena muuaji wala kitenzi cha kuua. Kuna “mzozo”, kuna “mkasa”, kuna “wivu wa mapenzi”, kuna “ugomvi wa kinyumbani uliogeuka msiba”. Kwa hiyo tumefika mahali pa ajabu: kurasa za michezo humwaga damu pasipo na damu, na penye damu humwaga maji ya waridi.

Kutoka Paris hadi Endebess

Mfano ulio karibu nami kuliko yote ni wa Rebecca Cheptegei. Mimi ni mzaliwa wa Kiminini, soko lililo kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Kutoka kwetu hadi Endebess, chini ya Mlima Elgon, ni safari ya matatu mbili: moja hadi Kitale, ya pili hadi Endebess. Huko ndiko alikokuwa amejenga nyumba mwanariadha huyu wa Uganda ili awe karibu na maeneo ya mazoezi ya nyanda zetu za juu. Mwaka 2022 alikuwa ameshinda dhahabu katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani yaliyofanyika Chiang Mai, nchini Thailand. Tarehe 11 Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris na kumaliza katika nafasi ya 44. Wiki tatu baadaye, Jumapili tarehe 1 Septemba, alipokuwa amerejea kutoka kanisani pamoja na wanawe, mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alifia katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret tarehe 5 Septemba. Alikuwa na umri wa miaka 33. Mwanamume huyo naye aliungua katika tukio hilo, akafa siku chache baadaye kabla ya kufikishwa mahakamani. Jina lake silitaji, kwa sababu limekwisha kutajwa kupita kiasi.

Kabla yake alikuwapo Agnes Tirop. Mnamo Septemba 2021 Tirop aliivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, huko Herzogenaurach, Ujerumani, kwa muda wa dakika 30 na sekunde 1. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo alikutwa nyumbani kwake Iten ameuawa kwa kudungwa kisu, akiwa na umri wa miaka 25. Mumewe alikamatwa Mombasa na kushtakiwa kwa mauaji, shtaka alilolikana. Alizikwa siku ambayo angetimiza miaka 26. Mwezi wa Aprili 2022, Damaris Muthee Mutua, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Bahrain, naye alikutwa ameuawa huko huko Iten. Katika muda wa miaka mitatu, eneo hili linaloitwa kitovu cha mbio za dunia liliwapoteza wanawake watatu walioweza kuwapita mbio karibu watu wote duniani, nao wakafikiwa majumbani.

Nirudi kwenye lugha. Taarifa za mwanzo kuhusu Cheptegei zilitaja ugomvi juu ya kipande cha ardhi kilichokuwa na nyumba hiyo. Huenda ni kweli ugomvi huo ulikuwapo. Lakini niliyoyasikia sokoni Kiminini wiki ile, kwa vinyozi na kwenye steji ya bodaboda, yaliganda papo hapo kwenye ardhi. Shamba lilikuwa la nani hasa? Jina kwenye hati lilikuwa la nani? Fedha za kununulia zilitoka kwa nani? Ilikuwa kana kwamba swali la umiliki likijibiwa, petroli nayo itakuwa imejibiwa. Wengine walisema “mapenzi ni kitu kibaya”. Na hapo maongezi yalihamia kwenye ligi ya Uingereza.

Wakati huo Meya wa Paris, Anne Hidalgo, alikuwa ametangaza kwamba jiji lake lingeupa uwanja wa michezo jina la Rebecca Cheptegei. Huko Bukwo, ng'ambo ya mpaka, alizikwa kwa heshima za kijeshi kwa kuwa alikuwa askari wa jeshi la Uganda. Mji wa kigeni ulimpa uwanja, na jeshi la nchi yake likampa saluti. Sisi majirani zake, tulioshiriki naye lugha ya Kiswahili, tulimpa nini? Tulimpa kisa cha shamba.

Sarufi ya kumficha mtenda

Tuziangalie njia tatu ambazo kwazo lugha yetu humficha mtenda.

Njia ya kwanza ni uchaguzi wa kitenzi. Kiswahili kina utajiri mkubwa katika suala la moto. Mtu anaweza kuungua, kuteketea, kuunguzwa, kuteketezwa au kuchomwa. “Mwanariadha aliungua” ni sentensi yenye kitenzi si elekezi. Moto umejileta wenyewe kama jua linavyojileta asubuhi. “Mwanariadha alichomwa” inakiri kwamba yupo mtu, lakini kauli ya kutendwa inaturuhusu kumdondosha. “Alimmwagia petroli akamwasha moto” haimwachi mtu yeyote nje. Sentensi hizi tatu zinaweza kutumika kwa tukio moja, na hakuna hata moja iliyo ya uongo. Hata hivyo, mwenye kuisikia ya kwanza atasema “pole”, na mwenye kuisikia ya tatu atauliza “amekamatwa?” Hali ni iyo hiyo kwa “alifariki” na “aliuawa”. Mtu anayefariki huondoka. Anayeuawa ameondolewa, na lazima awepo wa kuulizwa.

Njia ya pili ni nomino tunazompa mtuhumiwa. Neno lililozoeleka ni “mpenzi”. Sote tulifundishwa katika mofolojia kwamba nomino hii imenyambuliwa kutokana na kitenzi penda, kama mlinzi anavyotokana na linda na mwizi anavyotokana na iba. Mlinzi ni mwenye kulinda. Mwizi ni mwenye kuiba. Mpenzi ni mwenye kupenda au kupendwa. Tukisema kwamba mtu fulani “alichomwa na mpenzi wake”, tumemtunuku mchomaji sifa ya kupenda katika sentensi inayoeleza kuchoma kwake. Isitoshe, mara nyingi uhusiano huwa umekwisha kuvunjika. Neno “mpenzi” humrudisha mwanamke katika mikono ambayo alikuwa amekwisha kuitoka.

Njia ya tatu ni kielezi cha sababu. “Kwa sababu ya wivu wa mapenzi”, “kutokana na mzozo wa mali”, “shetani alimpitia”. Katika sentensi sababu hufanya kazi mbili, kueleza na kusamehe, na msikilizaji hana njia ya kuzitenganisha. Hatusemi kwamba benki iliibiwa kutokana na “mzozo wa fedha” kati ya benki na jambazi. Jambazi naye alizitaka fedha kwa hamu kubwa, lakini hamu yake hatuipi nafasi katika kichwa cha habari.

Shujaa na adui wa ndani

Swali linalonisumbua kama mwanafunzi wa fasihi ni hili: mbona lugha hii hutujia kwa urahisi namna hiyo? Jibu langu ni kwamba tunacho kiolezo cha zamani, na kila habari mpya tunaisukuma ndani yake.

Tendi na visasili vyetu vinamjua vyema shujaa asiyeshindika uwanjani ambaye huangushwa na mtu wa nyumbani. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake ulihifadhiwa katika mswada wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, hakuuawa na majeshi ya Pate. Aliuawa na mwanawe mwenyewe aliyehadaiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, akamdunga baba yake sindano ya shaba kitovuni. Waswahili wakafupisha hekima hiyo kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa jirani zetu Wajaluo yupo Luanda Magere, aliyekuwa na mwili wa jiwe, hadi mke aliyetoka kwa adui alipoigundua siri ya kivuli chake. Katika Biblia, inayosomwa sana huku kwetu, yupo Samsoni na Delila wake.

Kwa mtazamo wa haraka, Rebecca Cheptegei na Agnes Tirop wangefaa kabisa katika kundi hili. Ni mashujaa. Walishindana na dunia nzima. Aliyeshukiwa katika kila tukio alikuwa mtu wa ndani. Kwa nini basi hatuwaimbi kama Liyongo?

Nadhani ni kwa sababu katika kiolezo chetu nafasi ya shujaa ni ya mwanamume. Mwanamke, anapotajwa, mara nyingi hukalia kiti cha mwenye kusaliti. Ndiye anayeifichua siri ya kivuli. Ndiye anayezinyoa nywele. Sikio lililolelewa na hadithi hizi, likipewa habari yenye mwanamume, mwanamke, mali na kifo, hujiendea lenyewe kumtafuta msaliti wa kike. Likimkuta mwanamke ndiye maiti, halibadilishi hadithi. Linazidi kutafuta: alimnyang'anya shamba? Alimtoroka? Alipopata fedha za mbio, alianza kumdharau? Kwa njia hiyo marehemu hushtakiwa kaburini kwa kosa la Delila, ilhali yeye ndiye Samsoni.

Kwa hakika fasihi andishi ya Kiswahili imekwisha kujaribu kukirekebisha kiolezo hiki. Kezilahabi katika Rosa Mistika na Said Ahmed Mohamed katika Utengano walituonyesha jinsi ukatili wa mwanamume nyumbani unavyomwangamiza binti. Lakini wahusika hao walikuwa wanyonge waliokandamizwa. Mwanariadha si mnyonge. Ana mapafu, ana miguu, ana akaunti ya benki, ana medali. Tunahitaji utendi ambamo mwanamke ni shujaa tangu ubeti wa kwanza, na ambamo anayemwua haitwi mpenzi.

Siti alivyoitangaza habari

Mtu asidhani kwamba ninaomba kitu kigeni. Karibu miaka 100 iliyopita, Zanzibar, Siti binti Saad na wenzake walikuwa wakifanya kazi hii kwa ufundi ambao bado hatujaufikia. Siti, aliyezaliwa Fumba katika familia ya hali ya chini na kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na sahani zake zikasikika katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Alikuwa mtu mashuhuri kwa maana kamili ya leo: alipendwa, alisengenywa, na maadui zake walimcheka kwa sura na kwa asili yake.

Miongoni mwa nyimbo zake maarufu upo unaoitwa Kijiti. Hadithi yake ilikuwa habari ya kweli ya mjini. Mwanamke mjamzito aliyekuwa mgeni kutoka bara alitoka kwenda ngomani pamoja na wenzake wa kike, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Mwuaji akavuka bahari kukimbilia bara, na wanawake waliokuwa na marehemu ndio waliojikuta wakibebeshwa lawama mbele ya sheria. Sitaunukuu wimbo huo hapa. Nataka tu msomaji aone uamuzi wa kisanaa uliofanywa. Kwanza, jina la mwuaji limewekwa wazi hadi likawa jina la wimbo wenyewe. Yeye ndiye mtenda na ndiye kichwa cha habari. Pili, wimbo haukuishia kwa mwuaji, bali uliigeukia mahakama iliyowaadhibu mashahidi na kumkosa mhalifu. Tatu, haukuitwa wimbo wa mapenzi, ingawa taarabu imejaa mapenzi na Siti aliyajua vyema.

Shaaban Robert, mwandishi tunayemheshimu kuliko wengi, aliona kwamba maisha ya mwimbaji huyu yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Hakujiuliza kama habari za wasanii ni upuuzi usiomfaa mshairi mkubwa. Nawaomba walimu wetu wanaotukataza kuandika tasnifu kuhusu wanamuziki na wanamichezo wamkumbuke Shaaban Robert.

Majibu kwa wenye shaka

Najua pingamizi zitakazotolewa, nami nitazijibu mbili.

Ya kwanza ni kwamba maneno hayaui. Petroli ndiyo iliyoua, na dawa yake ni polisi na mahakama, si wanafunzi wa Kiswahili. Sehemu ya kwanza nakubaliana nayo. Lakini tujiulize polisi wanapata habari kwa lugha gani. Trans Nzoia ni kaunti ya mchanganyiko. Huku wapo Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Waturkana, Wanandi na wengine wengi, na lugha inayowakutanisha barazani kwa chifu, kanisani, sokoni na kwenye dawati la polisi ni Kiswahili. Mwanamke wa Kisabaoti anayekwenda kuripoti vitisho kwa askari aliyetoka mkoa mwingine hana budi kuvitia katika Kiswahili. Tumempa Kiswahili gani? Tumempa “mume wangu ananisumbua”. Tumempa “tuna shida kidogo nyumbani”. Kitenzi sumbua hutumika kwa mbu, kwa jino na kwa mtoto asiyetaka kulala. Askari akilisikia neno hilo ataandika ugomvi wa mume na mke katika kitabu cha matukio, kisha atamshauri arudi nyumbani wakazungumze, kwa kuwa wagombanao ndio wapatanao. Baba yake Cheptegei aliwaambia waandishi wa habari kwamba familia ilikuwa imekwisha kupeleka malalamiko kwa polisi kabla ya shambulio lile. Neno lililo dhaifu linapofika ofisini, hufunguliwa faili iliyo dhaifu, na faili iliyo dhaifu hukaa chini ya nyingine zote. Mficha maradhi kilio humuumbua, nasi tumeyaficha maradhi haya katika msamiati.

Pingamizi la pili ni la waandishi wa habari wenyewe, nalo ni la haki. Wanasema sheria inawataka wasimhukumu mtu kabla ya mahakama, ndiyo maana wanatumia maneno laini. Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa. Kwamba Agnes Tirop aliuawa ni jambo lililojulikana siku ile ile; halihitaji kusubiri hukumu. Nani aliyemwua ni jambo la mahakama. Kiswahili kina uwezo kamili wa kuyatenganisha haya mawili: “Agnes Tirop ameuawa, polisi wanamshuku fulani.” Sentensi hiyo haimhukumu yeyote wala haimfichi yeyote. Kinyume chake, “wivu wa mapenzi” ndiyo hukumu ya mapema, maana inaamua sababu ya tukio kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa. Anayetaka kuwa na tahadhari ya kisheria aanze kwa kulifuta neno hilo.

Tufanye nini?

Ndugu wanachama, mwezi wa Januari 2024 wanawake wa Kenya waliandamana mitaani kupinga mauaji ya wanawake. Januari 2025 serikali iliunda jopo la watu 42, likiongozwa na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, kuchunguza ukatili wa kijinsia na mauaji hayo. Mjadala mwingi wa kitaalamu umeendeshwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hii ina maana kwamba lolote litakaloamuliwa lazima liwe na sura ya Kiswahili inayoeleweka Endebess na Iten. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mfasiri mmoja aliye mbioni ofisini.

Napendekeza mambo matatu ambayo chama kama chetu kinaweza kuyafanya bila kusubiri ufadhili.

Mosi, tuandae mwongozo mfupi wa kurasa mbili tu kwa wanafunzi wenzetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya kazi katika magazeti na redio. Uonyeshe tofauti ya “aliungua” na “alichomwa”, ya “alifariki” na “aliuawa”, ya “mpenzi” na “mshukiwa”. Uwe na mifano na usiwe na mahubiri. Mwanafunzi mmoja akiingia nao katika chumba cha habari, kichwa kimoja cha habari kinaweza kubadilika.

Pili, tukusanye maneno ambayo wanawake wenyewe huyatumia kueleza vitisho, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu za kwanza. Naamini kwamba Kisabaoti, Kibukusu na Kinandi vina maneno makali kuliko “kunisumbua”, ambayo yakipata njia ya kuingia katika Kiswahili yatamsaidia mwenye kuripoti kueleweka. Hii ni kazi ya nyanjani inayofaa kabisa tasnifu ya umahiri, na nawasihi walimu waikubali.

Tatu, na hili naliweka mbele ya washairi wa jarida hili, tuwatungie tenzi. Sisemi mashairi ya kuomboleza, ambayo tunayo tele, na ambayo huwaanzia wanawake hawa mwishoni mwao. Nasema tenzi za mashujaa, zianzie mazoezini alfajiri, zipande vilima vya Chiang Mai, zipite Guiyang ambako Tirop alitwaa taji la dunia la mbio za nyika mwaka 2015, zifike Paris. Utendi wa Liyongo unasimulia kwamba baada ya kudungwa alikwenda kisimani akapiga goti na upinde wake mkononi, akafia hapo, na watu wa mji wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani bado yu hai. Shujaa alilinda kisima akiwa maiti. Kama tenzi zetu zitawafanya wanaume wanaofikiria petroli na visu waogope hivyo, kalamu zetu zitakuwa zimefanya kazi.

Mpaka hapo, ombi langu kwa kila msomaji anayeanza gazeti kutoka nyuma ni dogo. Akikutana tena na “mzozo wa kimapenzi” katika ukurasa wa michezo, achukue kalamu, aukate, aandike juu yake kitenzi kinachostahili, na amtafute mtenda.